Vipande vya Kitenge Kwenye Vitabu vya Maktaba

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana sina wa kumwambia. Nimemaliza sekondari mwaka huu, najitolea katika maktaba ya umma hapa Gisenyi, na kwa kuwa naona haya kuwauliza watu wanapenda vitabu gani, nilibuni njia: kila msomaji alete vipande vya kitambaa chake, afunge kimoja kwenye kila kitabu kilichomfaa, ili mwingine akikuta kitambaa kilekile kwenye vitabu viwili anavyovipenda, akifuate hadi cha tatu bila kujua ni cha nani. Watu walianza kuazima zaidi kuliko zamani, nikajiona nimefanya jambo.

Sikufikiri kwamba hapa vitenge vinajulikana. Mama Béata, anayeuza nyanya kwenye mpaka wa Petite Barrière, alileta kitenge ambacho dada yake alimnunulia Goma, hakuna mwingine mwenye nacho, akakifunga kwenye kitabu cha sheria kinachoeleza namna mke anavyoomba talaka. Jirani yake alikiona, akamcheka mbele ya watu: “Béata, hii si kitenge yako? Kumbe unataka kuacha bwana na hautuambie?” Jioni mumewe alikwisha kusikia. Alimfukuza, sasa yuko kwa mama yake, kule Kanzenze, watoto wamebaki kwa baba, na nilipokutana naye alisema tu, “Mi nilikuamini, mutoto, juu we hausemake,” yaani kwa kuwa mimi si msemaji. Silali, sili, nataka kuacha maktaba, naona kila ninachogusa kinaharibika.

Kamikazi, Gisenyi

Kamikazi, nakuhurumia, lakini sitakubembeleza. Uliwaficha watu kwa nguo wanazovaa sokoni. Mama yeyote wa mpakani angekuonya, lakini hukuuliza, kwa sababu njia yote uliibuni ili usizungumze na mtu. Hata kwangu umemtaja kwa jina na kazi. Nimevibadili vyote viwili.

Leo ondoa vipande vyote. Baadaye maktaba ikitaka, inunue nyuzi zake, msomaji achague rangi mwenyewe, na vitabu vya sheria, ndoa na magonjwa visifungwe chochote. Kuacha maktaba hakumsaidii Béata. Nenda Kanzenze. Usianze na maelezo. Omba msamaha, kisha uliza anataka nini. Akisema anataka watoto wake, msindikize hadi ofisi ya msaada wa sheria wilayani, na akikwama, wewe useme.

Huenda akakufungia mlango. Huenda asikusamehe kamwe. Nenda hivyo hivyo, kwa sababu watoto wake hawawezi kungoja hadi wewe uache kuona haya.