Bomba la Mapezi na Adabu Zangu

Gisenyi, Jumanne, 1956. Mvua ya asubuhi imekatika, ziwa limetulia, nami leo nimepumua.

Tumeshinda rufaa, alhamdulillahi! Wakili amefika mchana kutoka Usumbura, viatu vimejaa tope la safari. Ofisi ya hataza huko Ulaya imekubali kwamba mabomba ya mapezi ni ubunifu wangu, na hakuna kiwanda kitakachoyaiga bila ruhusa yangu. Nilikuwa nimeshajiandaa kufunga karakana.

Bomba lenyewe si la kushangaza ukilitazama. Ni bomba la chuma lililozungushiwa utepe mwembamba wa bati, toka mwanzo hadi mwisho, kama mapezi ya samaki. Mvuke ukipita ndani, joto hutoka kwa wingi, na kahawa hukauka hata siku za mvua. Utepe nauzungusha ungali wa moto. Ukipoa unabana wenyewe, bila kulehemu.

Balaa yote niliileta mimi na adabu zangu.

Kwetu mtu hajisifu mbele ya waliomtangulia. Basi katika maombi ya kwanza nikaeleza kwamba nimejifunza kwa mjomba, mhunzi wa Rugerero, ambaye huvisha mpini wa jembe pete ya chuma ingali ya moto. Nikaona nimemheshimu. Wazungu wakajibu: kumbe jambo hili lilikuwepo zamani, basi si lako. Nilikasirika, kisha nikaingiwa na hofu. Je, nimkane mjomba ili nipate haki?

Aliyeniokoa ni yeye mwenyewe. Wakili alipomwendea kuchukua ushahidi wake, mjomba alisema bila kupepesa macho: "Mi nafungaka pete kwa mupini juu jembe isitoke. Kukausha kahawa na joto, hapana, hiyo mi sijue. Ile iko ya huyu." Hoja ya rufaa ikawa hiyohiyo: pete yake hushika mti, mapezi yangu hubeba joto.

Jioni nimempelekea sukari na majani ya chai. Nilitaka kumwomba radhi, akanicheka mpaka akakohoa.

"Bon, siku ingine uniheshimu hapa nyumbani," akasema. "Bazungu usibaambie."

Nimecheka naye, halafu machozi yakanitoka, sijui kwa nini.

Kesho nawasha moto mapema. Tupa ya kulainishia chuma nitakayoshika, pete ya mpini wake aliivisha mjomba, na haijalegea hadi leo.