Mzee Hakuonja

Nyakahura, Biharamulo

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umesimama vizuri, ule mgongo umepoa, na Mama naye hajambo. Huku mvua inanyesha, uji upo na masomo yanaendelea. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Nakueleza mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine.

Ilianza na kitabu. Mwalimu wetu wa Kiswahili anatusomea riwaya ya zamani, ya kutisha, maana nakala ni moja tu. Inamhusu mpasua mbao asiye na ukoo, aliyehamia kijiji cha watu wasiomtaka. Siku moja ya mvua mzee mmoja anamkaribisha ndani na kumpa kibuyu cha pombe. Yule mtu anamtazama mzee, anakitazama kibuyu, kisha anampiga mzee shoka la shingo. Baadaye anakaa mlangoni akitafuna mahindi ya kuchoma mpaka watu wanapokuja kumkamata. Kitabu hakisemi kama pombe ilikuwa na sumu.

Mwalimu alituuliza tunamwonaje. Milembe, msichana wa Kisukuma anayekaa dawati la mbele, alisimama wa kwanza. "Huyo si mtu, ni fisi! Unakaribishwa, halafu unaua?"

"Mzee hakuonja!" wakasema wenzangu wa Ngara, karibu wote kwa pamoja. Wewe unajua, Baba, kwetu hata shemeji hakupi kibuyu kabla hajapiga funda la kwanza yeye mwenyewe, uone kuwa hakuna sumu.

"Kwa hiyo mzee afe kwa kusahau funda moja? Nyie watu wa mpakani mna roho gani?" Milembe akawageukia.

Darasa likacheka. Mimi nilikuwa nikimlilia kimyakimya yule mpasua mbao, lakini unanijua, kusimama mbele za watu siwezi.

Ndipo Spesioza akasema, bila kusimama. Spesioza ni mkimbizi kutoka Burundi, kitanda chake kiko karibu na changu. Mjomba wake aliyemleta shuleni amefariki. "Mimi namwelewa. Ukishaona jirani anawapa watu chakula leo na kesho anawakata panga, unatazama mikono ya kila mtu. Ningekuwa na shoka, labda hata mimi ningepiga."

Hakuna aliyecheka. Wiki iliyotangulia majambazi walikuwa wameteka basi porini wakamuua kondakta kwa risasi, naye alikuwa kaka yake Milembe. Watu wanasema majambazi hao ni wakimbizi.

Jioni mimi na Spesioza tulikuwa tukifua. Milembe akaja na mpini wa jembe, wasichana wengine nyuma yake. "Rudia ulichosema darasani! Nyie ndio mnaotuua!" Spesioza hakukimbia. Pigo la kwanza lilimpasua juu ya jicho, la pili likamwangusha kwenye beseni, maji yakawa mekundu. Wengine wakampiga mateke ya tumbo. Nilimlalia juu, Baba, sijui nguvu hizo nilizipata wapi, na mpini ukatua juu ya mkono wangu, kidole kikavunjika. Milembe alikuwa akipiga huku analia, akimwita kaka yake. Alipoona ni mimi, aliutupa mpini akakaa kwenye matope.

Spesioza ameshonwa zahanati. Mwalimu mkuu anasema Milembe ataadhibiwa, lakini wa kuondoka ni Spesioza, kwa sababu amewatisha wenzake na hana mwenyeji wa kumsimamia. Akiondoka anarudi kambini, na kule hana mtu hata mmoja.

Nikaenda ofisini, nikasema mbele ya walimu wote kwamba wewe utamsimamia. Sikukuuliza kwanza. Mwalimu mkuu amekubali kungoja hadi Ijumaa, uje mwenyewe. Njia ni mbaya. Tafadhali usipande gari lisilo kwenye msafara unaolindwa na askari. Mwalimu mkuu atakuuliza kama unakubali kuwa mzazi wa msichana huyu. Kumjua humjui, na kukuomba useme uongo siwezi. Yuko hapa ubavuni mwangu, jicho limefumba, na kila nikigeuza karatasi ananiuliza, "Umeandika kuwa nilisema ningepiga?" Nimeandika. Njoo umwone mwenyewe, ndipo ujibu.

Mpe Bibi mkono wangu, na kaka na mkewe pia. Mama mwambie kidole kimefungwa vizuri, asilie.

Ni mimi binti yako,
Perpetua