Mpira Hutiwa Majini Mara Mbili

Nairobi,
Jumapili mchana

Baba yangu mpenzi,

Hujambo? Mgongo unasemaje, au bado unainamia baiskeli za watu tangu asubuhi bila kula? Usinijibu kwamba umepona, nitamuuliza Mama. Mimi ni mzima, ila moyo mzito, na nisipokuambia sababu sasa hivi nitazungukazunguka hadi karatasi iishe. Sitafika nyumbani Koboko kwa harusi ya Keji.

Najua nilimwahidi mdogo wangu kwamba nitamsindikiza mpaka kwa wakwe zake Lobule. Maliza kusoma kwanza, halafu ukasirike.

Nilikuandikia kwamba nimetolewa kwenye kutoboa kadi, sasa natunga maagizo yenyewe ya kompyuta. Kazi yangu ya kwanza ni orodha ya kugawa masanduku ya dawa kwa zahanati za mashambani. Mashine husoma matundu ya kadi zangu zote na kuyageuza maagizo kuwa lugha yake. Ukiiambia itie na ukaguzi wa makosa, inachukua muda mrefu. Ukiuondoa, inamaliza upesi. Na mashine ni moja tu, ofisi nzima tunaipangia foleni kama kisima cha kiangazi.

Mkubwa wangu wa kazi akaja kusimama nyuma yangu. "Poni, toa huo ukaguzi. Watu wanangoja."

Nikautoa. Baba, raha iliyoje! Nilirekebisha na kujaribu mara nne kwa siku badala ya mara moja. Alhamisi orodha ikatoka safi, nikapongezwa, likizo ikatiwa sahihi. Jioni nikamnunulia Keji kitenge.

Ijumaa asubuhi nilipita ofisini kuaga tu. Wenzangu walikuwa kwenye chai, mashine imekaa bure. Hapo nikakukumbuka siku ile niliyofunga mpira wa baiskeli ya mkunga bila kuurudisha majini baada ya kuuziba, nione kama bado unavuja, naye akarudi kwa miguu kutoka njia ya Lobule akiisukuma.

"Wewe nakimbia wapi?" uliniuliza kwa Kiswahili chetu cha Koboko. "Maji iko, karai iko. Mpira nadanganya mtu. Tia tena!"

Hukunipiga, lakini nililia kuliko kupigwa.

Basi nikarudisha ukaguzi, nikazipitisha kadi upya. Mashine ikagoma. Nilikuwa nimetenga nafasi za zahanati sitini, na baadaye zikaongezwa zahanati mbili bila mimi kuongeza nafasi. Bila ukaguzi mashine haikusema neno, ikazikalisha hizo mbili mahali pa wenyewe, na zahanati mbili nyingine zikafutika kimya kimya. Zisingepata hata kidonge.

Hakuna aliyeniona, na basi langu lilikuwa linaondoka saa nane. Sitakuficha, nilizishika zile kadi nikafikiria kwenda zangu. Kisha nikamfikiria mkunga kama wetu, amekaa mlangoni akingoja sanduku lisilokuja. Nikaenda kumwambia mkubwa. Alifoka, akaichana karatasi ya likizo mbele yangu. Lakini alipotulia alisema ukaguzi usitolewe tena mpaka kazi iishe. Orodha yote inarudiwa, na wa kuirudia ni mimi, wiki hii na ile ya harusi.

Keji bado hajui. Naogopa kumwandikia mwenyewe, maana hasira zake amezitoa kwako. Mwambie polepole, akiwa ameshakula. Kitenge nakituma kwa posta, na nimelia juu yake kidogo, akifue.

Nisalimie Mama sana, na shangazi wa sokoni Arua, na jirani yetu Mkongomani wa samaki wakavu. Mwambie yule "mutu ya Nairobi" anayemtania, yaani mimi, bado hajaolewa na wala hana haraka.

Baba, nina ombi moja. Najua Keji atapelekwa Lobule kwa baiskeli yako. Asubuhi ile usimwachie fundi mwingine. Toa mpira wewe mwenyewe, utie majini mara mbili. Mara ya kwanza ni yako. Ya pili nitilie mimi.

Mwanao anayekupenda,
Poni