Benchi la Karibu na Mlango

Mpanda,
20 Aprili 1975

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepoa na kicheche hajamaliza kuku. Sisi huku tu wazima. Baba alipoona naandika alisema, "Nisalimie huko," kisha akatazama pembeni kama kawaida yake.

Bibi, nina habari. Ghala la zamani la mgodi, lile la bati lililoota kutu tulilopita siku uliponileta mjini kuishi na baba, sasa linakuwa ukumbi wa maigizo. Kuta zimepakwa chokaa na jukwaa limejengwa. Kimebaki kitu kimoja, viti. Mwalimu Ng'washi alisema sisi wa darasa la saba ndio tuchague, kwa sababu ndio tutakaopiga msasa mbao zote. Fundi Bartolomeo akatuonyesha kigoda, kiti cha mtu mmoja, na benchi refu lenye egemeo, linaloanzia karibu na ukuta huu na kuishia karibu na ule. Mimi nilisimama nikatetea benchi refu. Nilisema kwenye benchi hakuna mkubwa wala mdogo, wote wanakaa ubao mmoja. Darasa likakubali.

Siku ya Sabasaba tutaufungua kwa igizo letu. Mimi ni mama anayeficha mbegu wakati wa njaa ili watoto wake wapate cha kupanda. Naomba uje, Bibi. Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki, na nataka unione. Na kama ile kanga ya mama bado ipo, naomba niivae.

Mjukuu wako,
Hilaria

*

Usevya,
11 Mei 1975

Mke mwenzangu Hilaria,

Marahaba. Goti linaniruhusu kwenda kisimani, shambani linagoma. Kuku wapo. Anayeandika ni Katekista Melkior. Mimi nasema na yeye anaandika, na nimemwambia asitie maneno yake ya kanisani.

Kanga ya mama yako ipo. Nitakuja nayo mwenyewe kwa lori la mpunga, nitafikia kwa mdogo wangu Pelagia. Lakini ndani ya ukumbi sitaingia. Nitasimama dirishani.

Usinune. Nimesikia sifa za benchi lako. Sasa nikuulize, baba yako atakaa wapi? Yule ni mkwe wangu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai mkeka mmoja, wala ubao mmoja. Hawapitani mlangoni, wala hawatazamani usoni, mpaka mume alete jembe na nguo kwa mama wa mkewe, ndipo wakae pamoja. Baba yako alikuwa anajiandaa kuvileta, mama yako akaugua. Baada ya msiba hakuna aliyekumbuka jembe. Tumebaki hivyo, yeye huko na mimi huku, miaka yote hii. Si ugomvi, mjukuu wangu. Ni kitu kilichokatikia njiani.

Katekista anasema mambo haya yamepitwa na wakati. Nimemuuliza mbona mama mkwe wake akija yeye hukimbilia sakristia. Anaandika tu.

Na jambo jingine. Nimeingia kisomo cha watu wazima. Naandika "a" inafanana na yai lenye mkia.

Mimi Bibi yako

*

Mpanda,
1 Juni 1975

Bibi yangu,

Shikamoo, na pole kwa goti. Nilipoisoma barua yako sikuweza kula. Nilisema mbele ya watu kwamba wote watakaa ubao mmoja, na sikukuwaza wewe.

Nilimweleza Mwalimu darasani. Masalu, mvulana mmoja wa darasani kwetu asiyeacha mzaha, akasema, "Basi bibi yake tumjengee ghala lake peke yake." Wakacheka. Nikabaki nimesimama, sijui pa kuweka mikono.

Ndipo Vénérande akainuka. Huyu ni msichana wa Katumba, mmoja wa wale waliokimbia Burundi, na tangu aje hazungumzi mpaka aulizwe. Alisema, "Hata kwetu ni hivyo. Mama hakai na mume wa dada yangu. Nilijua hatakuja. Sikusema kwa sababu mngenicheka kama mlivyomcheka huyu."

Mwalimu akauliza nani mwingine ana mtu atakayesimama nje. Mikono ikapanda mmoja mmoja. Mkono wa mwisho ulikuwa wa Masalu.

"Na wewe?" Mwalimu akamuuliza.

"Bibi yangu ni Msukuma, Mwalimu. Huyo hata kivuli cha baba hakanyagi."

Tukaenda kwa fundi kumwomba afupishe mabenchi. Alikuwa ameshapasua mbao na alikasirika. "Nyie watoto, nikiyakata mafupi, watu watapungua humo ndani."

Mwalimu akamjibu, "Yakiwa marefu, bibi zao ndio watakaopungua."

Fundi akashika msumeno wake, akauliza, "Nikate wapi?"

Sasa ni mabenchi mafupi ya watu wanne, kila moja na miguu yake, na njia pana katikati. Wewe utakaa benchi la karibu na mlango, upande wa wanawake, ili usitembee sana na goti lako. Baba atakaa ng'ambo ya njia. Mbao zenu hazitagusana. Benchi lako nimelipiga msasa mimi mwenyewe, na ni mninga. Ukipitisha kiganja hutaona mahali pa kukwaruza.

Njoo, Bibi.

Mjukuu wako,
Hilaria

*

Mpanda,
13 Julai 1975

Bibi,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, ndiyo maana naandika haraka.

Hukuja. Kanga ililetwa na Bibi Pelagia asubuhi ya Sabasaba, akasema umeituma, akaondoka bila kuniangalia vizuri. Niliivaa. Ina harufu ya sanduku lako.

Nilimwomba baba akae mwisho wa benchi lake, hapo hapo mlangoni, ili akuone ukiingia na watu wasichukue nafasi yako. Alisema, "Mwanangu, pale si mahali pangu." Nikamwambia, "Baba, viti tumeshavitenganisha." Akakaa. Watu walijaa hadi ukutani, na kila aliyetaka kuketi kwenye benchi lako baba alinyoosha mkono kuvuka njia akamwambia, "Hapo pana mtu." Mpaka igizo linakwisha mkono wake ulikuwa hapo, na benchi lilikuwa tupu.

Tulipotoka alinishika mkono hadi nyumbani.

Je, goti? Au umekasirika? Naomba Katekista anijibu hata mstari mmoja.

Hilaria

*

Usevya,
3 Agosti 1975

Hilaria

Naandika mwenyewe. Katekista hajui. Nimeanza Jumatatu na leo ni Jumapili.

Mimi mzima.

Nilikuja. Kanga nilimpa Pelagia nikamwambia anyamaze. Nilitaka nikushtue mwenyewe ukumbini.

Nilifika mlangoni. Mlango ni mmoja. Baba yako amekaa hapo, anaangalia wanaoingia. Ningepita mbele ya uso wake. Mkono wake uko njiani. Ningemwambia autoe. Sijawahi kusema naye neno.

Mlichagua viti vizuri. Mlango hamkuuwaza.

Nikaenda dirishani. Niliona yote. Ulipofukia mbegu chini ya jiwe na kuimba, ilikuwa sauti ya mama yako. Nilishika nondo za dirisha.

Na mkono wa baba yako niliuona. Mkono umechoka anabadilisha mwingine. Haruhusu mtu. Mimi nilidhani alitusahau.

Mlipotoka alikuwa amekushika. Nikaona haya kuwatenganisha. Lori liliondoka alfajiri.

Bibi

*

Mpanda,
17 Agosti 1975

Bibi yangu,

Shikamoo, na hongera. "A" zako zote zimesimama vizuri.

Nilimwomba baba akae karibu na mlango kwa sababu nilitaka kukurahisishia, na hapo ndipo nilipokufungia. Nimemwambia Mwalimu, naye anaomba kamati itoboe mlango wa pili upande wa wanawake. Fundi Bartolomeo alipoambiwa aliniuliza, "Bibi yako ana ndugu wengine? Niambie mapema." Lakini ameshapima ukuta.

Barua yako nilimsomea baba jioni, akiwa bado na nguo za kazi za reli. Nilipofika kwenye mkono alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaenda nje akakaa. Aliporudi aliniuliza kama bado unapenda kitenge cha rangi ya bluu, kama alivyowahi kuambiwa na mama. Nikasema sijui. Siku iliyofuata alirudi na jembe jipya, halina hata mpini. Ameliweka juu ya kabati, na jana nilimwona akilifuta vumbi ambalo halipo.

Shule ikifungwa tutakuja. Baba mkubwa Gaspar atatangulia uani kusema yanayotakiwa kusemwa, na baba atasubiri nje ya ua mpaka uitikie. Amesema hata ukikawia, atasubiri.

Akishaingia, Bibi, naomba utandike mkeka mmoja.

Mke mwenzako,
Hilaria