Ngozi ya Kiatu cha Baba

Mwende mjukuu wangu,

Huko Athi River mko salama? Sisi tuko, ila juzi tulimzika kaka yangu Kyalo. Unauliza kama umwambie bosi wa gereji kwamba ile injini ulitengeneza wewe, si Mutuku mwenzako wa kazi anayejisifia.

Kwa mazishi walisoma eti Kyalo ndiye alitengeneza pampu ya maji ya Kithyoko. Uongo! Ni mimi nilikata ngozi ya kiatu cha baba nikaziba pale ilivuja. Maji yalipotoka, Kyalo ndiye alikuwa ameshika mpini, na mama akanifokea, "Na wewe, kazi ni kutazama tu?" Kyalo akacheka. Nikaona haya, nikanyamaza.

Juzi nilimtupia udongo kaburini nikiwa na hasira, na hawezi tena kunijibu. Mutuku bado anapumua. Sema kesho, yeye akiwa hapo.

Susu wako