Mkono Uliosimamisha Kreni

Nyumbani,
Nyuma ya Gati la Zamani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko? Na shemeji je? Kile kifua chako kimepona? Sisi hatujambo, ila masikio ya Baba yamezidi kuwa mazito, siku hizi tunaongea naye kama tuko sokoni.

Kaka, gati limefungwa. Pale Babu alipobeba magunia hadi mgongo ukapinda, pale Baba alipoongoza kreni kwa ishara za mikono, sasa pana uzio. Meli zote zimehamia bandari mpya. Inauma, sikufichi.

Siku ya kufunga walialikwa wastaafu. Baba alivaa koti lake la harusi, ambalo halifungiki tena, lakini nani amwambie? Kreni ikainua mzigo wa mwisho, na wageni kwa furaha wakaipungia mikono kuiaga. Mzigo ukasimama angani. Meneja alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, dereva wala hakutikisika. Gatini, mkono ukipungwa juu maana yake simama, na amri hiyo dereva huitii hata ikitoka kwa mpita njia.

Ndipo Baba akapita chini ya kamba iliyotuzuia wageni, akaelekeza kidole chini, akakizungusha taratibu. Mzigo ukashuka. Kisha akashikanisha viganja mbele ya tumbo: kazi imekwisha. Injini ikazimwa. Tulilia, hata meneja.

Tukiwa njiani nikamtania kwamba wageni nusura walaze mzigo angani. Hakucheka. Akasema, "Hata kaka yako alinisimamisha hivyohivyo."

Nikamuuliza lini.

"Siku anaondoka. Nilikuwa namfuata nimsindikize stendi. Akageuka, akapunga mkono. Nikasimama."

Kaka, miaka yote hii umeshikilia kwamba Baba alikususa kwa kuwa uliikataa kazi ya gatini, ndiyo maana alibaki njiani kama mti huku ukienda. Kumbe naye amekaa akidhani hukutaka akusindikize. Baba wa watu, kazi ilimwingia hadi mifupani.

Shangazi anakusalimu, na Mama Mdogo anauliza kama umenenepa. Wabusu watoto.

Njoo, Kaka, naye angali anatembea. Mungu akufikishe salama. Na ukimwona anakuja kukupokea, nakuomba sana, usimpungie mkono.

Wako akupendaye daima,
Kitindamimba