Kitabu Tulichogawana Vipande

Kwako Dada Mkubwa,

Shikamoo, tena shikamoo ya kuinama kabisa, maana nakujua, utapima kwanza heshima ndipo usome habari. Huku tu wazima. Mgongo wangu unalalamika kama kawaida yake, lakini fundi cherehani asiyeumwa mgongo huyo hashoni, anapiga soga. Goti lako je? Na wajukuu, bado wanakufichia miwani?

Umeniuliza ni vitabu gani vipya vinafaa kwa kikundi cha wasomaji unachokianzisha huko kwa mwanao. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Mwalimu mkuu mstaafu anamwomba ushauri wa vitabu mdogo wake aliyemaliza shule kwa kusukumwa! Basi, umeyataka mwenyewe.

Cha kwanza ni riwaya nene ya ukoo unaogombania nyumba ya babu. Watu ni wengi, na nusu yao wamerithi jina moja. Nilifika katikati nikimlilia mtu, kumbe aliyekufa ni mjomba wake. Kinyozi, mwenzetu katika kikundi chetu cha wasomaji hapa, alisema hakipendi lakini hakirudishi, kwa sababu kinazuia vizuri mlango wa saluni usipigwe na upepo. Hata hivyo, kichukue. Hakuna aliyekimaliza, kwa hiyo kila mtu alibisha kwa kujiamini, na kikao kikawa kitamu ajabu.

Cha pili ni hadithi fupi za binti mmoja, kuhusu wapangaji wa jengo moja. Kinasomeka kama unavyokunywa maji. Ile ya mzee anayejifunza baiskeli kwa siri nimeirudia mara sijui ngapi. Lakini kwenye kikundi kilitufelisha. Wote tulisema ni kizuri, kizuri sana, kisha tukabaki kutazamana. Chai haijapoa, tayari tulikuwa tunazungumzia mabati yanayovuja na wakwe wasioaga. Hicho kisome peke yako kitandani.

Cha tatu ndicho hasa. Ni habari za mwanamke dereva wa lori anayeondoka nyumbani asubuhi moja bila kumuaga mtu. Dukani ilibaki nakala moja tu. Kinyozi akataka tupige kura ya nani aanze kukisoma. Mimi, kwa akili zangu za ufundi, nikachukua wembe ninaofumulia nguo, nikakifumua kitabu uzi kwa uzi, nikakigawa vipande vitatu ili tusome wote kwa pamoja. Usinipigie kelele, Dada. Nimeshakishona tena, na mshono wangu ni imara kuliko wa kiwandani.

Kosa letu ni kwamba tulikaa kikao kabla ya kubadilishana. Kinyozi alikuwa na kipande cha kati, ambako mama huyo anacheka hotelini huku mtoto wake anaumwa, basi akamtukana kama vile anamdai. Mimi nilikuwa na mwanzo, nikajua alivyoteswa, nikamwambia kinyozi moyo wake umenyolewa. Wa tatu alikuwa na mwisho, akalia kabisa, akasema sisi wawili hatumjui mwanamke yule hata kidogo. Tulizozana mpaka jirani akagonga ukuta. Kwa hiyo ushauri wangu ni huo: kinunue, na ukithubutu, kifumue.

Huyo wa tatu ni muuguzi wa zahanati. Ndiyo, yuleyule. Rafiki yako aliyekutobolea siri ya muuaji katika riwaya uliyokuwa ukiisoma, ukiwa umebakiza kurasa chache, ukamwita Mwizi wa Mwisho mbele ya watu, ukahama mji bila kumuaga. Najua ulikuwa umeapa hutakaa naye tena chumba kimoja.

Sasa vuta kiti. Baada ya ugomvi ule alianza kupita kibandani kwangu akitoka zamu, ili nimsimulie mwanzo. Nami nikamuuliza habari za mwisho, akakataa katakata. Alisema kosa hilo alishalifanya mara moja na limemgharimu mtu anayempenda. Hapo alikuwa anakusema wewe, Dada. Basi nikawa namsimulia kidogo kidogo, ukurasa mmoja kwa jioni nzima, huku yeye akinishikia pindo nikishona. Tungeweza kubadilishana vipande tukamaliza siku hiyohiyo. Hakuna aliyependekeza.

Wewe ndiye uliyenisukumia kwenye kikundi baada ya kumzika mke wangu, ukisema nisizeeke nikiongea na cherehani. Basi siongei nayo tena. Tumekubaliana kuoana, mimi na yeye. Mwizi wa Mwisho atakuwa wifi yako.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikainuka nikanywa maji. Siombi ruhusa, mtu mwenye mvi na tumbo kama langu haombi ruhusa. Lakini tangu mama atutoke wewe ndiye umekuwa mama, na harusi ambayo wewe hupo sitaiweza. Yeye alitaka kusafiri aje akuombe radhi. Nimemwambia asubiri, kwa kuwa naijua miwani yako ikimwangalia mtu kwa juu.

Kwa hiyo njoo, Dada. Ukiwa umeridhia, njoo ucheze. Ukiwa hujaridhia, njoo vilevile, umgombeze ana kwa ana mpaka uchoke. Tutakuandalia kiti na chai, na mimi nitakaa kati yenu nikishona, nisikie watu wangu wawili wakipigiana kelele nyumbani kwangu.

Mwanao na wajukuu nawasalimu sana. Kinyozi anakusalimu. Na muuguzi, ambaye hajui kama nimeshakuandikia, kila akipita huuliza kama goti lako limepona.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukuogopa,
Fundi